Simu Ndani ya Kompyuta ya Mama Khalid

Ikutha, 3 Februari 2025

Mpendwa Mutanu,

Nakuandikia barua pepe kutoka saiba ya Mama Khalid, duka lake la kompyuta na intaneti, hapa karibu na soko la mbuzi. Mwaitu, mama yangu, alimwomba anichukue nimsaidie kuchapa na kutoa kopi wakati tunangoja kwenda chuo. Mama Khalid alikubali kwa sharti moja, kwamba niache kuongea kwa sauti ya panya. Wateja wananiuliza "unasema?" hadi naona haya. Kuandika hakuhitaji sauti, ndiyo maana barua zangu zitakuwa ndefu.

Ujumbe wako niliupata kwa simu ya mwaitu. "Wimbo umetoka!! Uko Sikiza. Pakua app usikie." Mutanu, ni "Hata Kiangazi"? Ule wetu, niliotunga kule bwenini nikiwa nimeketi juu ya sanduku lako? Uliurekodi lini? Nilidhani tulikubaliana tungoje mkutano wa vijana wa Pasaka kule Malili tuuimbe pamoja, wewe sauti ya kwanza na mimi ya pili. Sijakasirika. Nauliza tu.

Shida ni kwamba simu ya mwaitu ni ya kubonyeza, haiwezi kubeba app. Nimejaribu kufungua Sikiza kwenye kompyuta ya hapa, ikasema inafanya kazi kwenye simu peke yake. Kaka yangu Nyamai, yule anayesoma chuo cha ufundi kule Wote, anasema kuna njia ya kuidanganya kompyuta ijione simu. Lakini nahitaji akaunti, na akaunti inataka namba ya simu. Mwaitu hataki namba yake iingizwe mahali popote. Mwaka jana alimsomea mtu nambari za siri alizotumiwa kwa ujumbe, pesa za chama zikaibwa, na mpaka leo wenzake wa chama wanamwangalia vibaya.

Nifanye nini? Nataka sana kuusikia.

Ni mimi rafiki yako wa dhati,
Kalunde


Kambu, 5 Februari 2025

Kalu wangu,

Aki wewe! "Mpendwa." "Wa dhati." Shule imeisha, mtihani umesahihishwa, matokeo yametoka, na bado unaniandikia insha!

Mimi niko hotelini kwa mwaitu, hapa kwenye steji ya mabasi, nahudumia madereva wa malori kutoka asubuhi. Kuna mmoja leo ameniambia, "Msichana, hiyo chai yangu unaileta kutoka Mombasa?" Nikamwambia hapana, inatoka Nairobi, imekwama kwa foleni. Mwaitu akaniangalia na lile jicho lake unalolijua.

Ndiyo, ni "Hata Kiangazi"! Mambo yalikuwa ya ghafla. Kuna studio imefunguliwa hapa nyuma ya gereji, na wakawapa vijana wa kanisa siku moja ya kurekodi. Siku moja tu. Ningekupata vipi, na simu ya mwaitu wako inazimwa mpaka jioni? Usininunie. Utasikia mwenyewe.

Tumia akaunti yangu. Namba yangu unaijua kwa kichwa, na neno la siri ni jina la yule ng'ombe wenu anayefungua lango. Usimpe mtu. Hata Mama Khalid.

Ukisikia, niambie ukweli. Wewe ndiye pekee ambaye maneno yake nayaamini.

Mutanu


Ikutha, 14 Februari 2025

Mpendwa Mutanu,

Imekubali! Kaka Nyamai alinitumia maelezo. Kuna programu unayoiweka ndani ya kompyuta, na programu hiyo inajifanya simu. Mara ya kwanza ilikataa kabisa. Kumbe kuna mahali ndani ya kompyuta panapotakiwa kuruhusiwa kwanza, na unapafikia kwa kuizima, kuiwasha tena, na kubonyeza kitufe harakaharaka kabla haijaamka vizuri. Mama Khalid alisimama nyuma yangu akasema, "Kalunde mwanangu, ukiniulia mashine yangu, barua za watu utaziandika kwa mkono wako." Nikabonyeza. Haikufa.

Sasa katikati ya kioo kuna simu nzima imesimama wima, na kando zake zote mbili ni giza. Ina saa yake na betri isiyopungua. Badala ya kidole unatumia kipanya. Kompyuta yenyewe ilianza kuvuma kama inapanda mlima, Mama Khalid akauliza, "Hii ni kompyuta au ni jiko la makaa?" Nilicheka kwa sauti, na mteja mmoja akageuka kuona ni nani.

Nikaingia kwa akaunti yako. Kabla wimbo haujaanza app iliniuliza: "Akaunti hii inatumika kwenye simu ya Mutanu. Ihamishiwe hapa?" Nikabonyeza ndiyo kwa sababu sikuona njia nyingine ya kusikia.

Nimesikia, Mutanu. Umenitaka nikuambie ukweli. Sauti yako imekuwa nzuri kuliko shuleni. Ulipofika "hata kiangazi, mkono wako haukauki," niliondoa iafoni masikioni nikatoka nje kidogo.

Halafu nikarudi, nikamsikia yule anayekufuata chini. Nilidhani ni wewe, kwamba umejiimbia mara mbili kama wanavyofanya studio. Nikarudia. Si wewe.

Chini ya wimbo pameandikwa Mutanu na Ndinda. Ndinda ni nani? Anaimba vizuri. Nauliza tu, nisije nikakutana naye nikampita bila kumsalimia. Jina langu sikuliona, labda kwa sababu simu hii ya ndani ya kompyuta ina kioo kidogo.

Rafiki yako,
Kalunde


Kambu, 17 Februari 2025

Kalu,

Najua hiyo "nauliza tu" yako. Tumeishi pamoja miaka minne.

Ndinda ni wa kwaya yetu. Anauza machungwa na shangazi yake hapo mabasi yanaposimama. Siku ile ya studio alikuwa ameketi nje akingoja jua lipungue, na mwalimu wa kwaya akasema wimbo hauwezi kutoka na sauti moja kama chai bila sukari. Nikamwita. Nilimfundisha sauti yako mchana mmoja, akaishika. Mtu wa studio aliandika majina ya walioimba basi, hakuuliza nani alitunga. Nitamwambia aongeze lako. Nimeshamwambia mara moja, nitamwambia tena.

Ungempenda, wallahi, kama anavyosema Mama Khalid wako. Anaigiza makondakta mpaka wenyewe wanacheka. Jana alimwigiza mchungaji akitafuta miwani yake huku ameivaa. Nilimwaga uji.

Usikunje uso. Wewe ni wewe.

Mutanu


Ikutha, 3 Machi 2025

Kaka Nyamai,

Natumai masomo yanaendelea. Mwaitu anauliza kama unakula ama unaishi kwa chai tu.

Ile simu ya ndani ya kompyuta inafanya kazi vizuri. Mama Khalid ananiruhusu kuitumia wakati hakuna wateja. Nina swali. Chini kabisa kwenye Sikiza kuna mstari mwembamba unaoonyesha kinachochezwa na mwenye akaunti kwenye simu yake, wakati huohuo. Kwa mfano, jioni naona pameandikwa "Hata Kiangazi, biti." Biti ni ule muziki mtupu usio na sauti za watu, ambao unauimbia juu yake. Unaisha, unaanza tena. Unasimama katikati, unarudishwa nyuma. Mtu anaweza kujua kabisa kwamba wenyewe wanafanya mazoezi, na ni mstari gani unawashinda. Juzi ulisimama muda mrefu. Nadhani walikuwa wanacheka.

Swali ni hili. Mtu akicheza wimbo hapa kwa akaunti hiyohiyo, kule kwa mwenye simu kunatokea nini?

Si mimi. Kuna mteja anauliza.

Mdogo wako,
Kalunde


Wote, 4 Machi 2025

We Kalu,

Mwambie mwaitu ninakula. Mwambie pia chai ni chakula.

Huyo mteja wako mjibu hivi. Akaunti moja ni kama mdomo mmoja, hauwezi kuimba Ikutha na Kambu kwa wakati mmoja. Akibonyeza cheza kwenye kompyuta, simu ya kule inanyamaza papo hapo. Mwenye simu atafikiri ni mtandao, asipoangalia kioo vizuri.

Na mwambie jambo la pili, kwa upole, kwa sababu nadhani mteja huyo ni mfupi na ana haya: ana wivu. Si dhambi, lakini aache kukaa kwenye akaunti ya mtu akihesabu vicheko vyake. Afungue yake mwenyewe. Atumie namba yangu, nitamsomea nambari ya siri, ni kazi ya dakika chache tu. Asikize muziki wake kama watu wengine.

Nangoja mteja anijibu.

Nyamai


Kambu, 24 Machi 2025

Kalu wangu mpotevu,

Mwezi mzima bila barua! Ama Mama Khalid amekufungia kabatini?

Mimi nina mapepo. Usicheke. Ni simu yangu. Tukianza mazoezi jioni na Ndinda, biti inacheza vizuri, halafu tukifika pazuri, kimya. Naicheza tena, inakubali, halafu kimya. Nimempelekea Ben, fundi wa simu, akaifungua, akapuliza vumbi, akaifunga, akasema ni mtandao ama nimelogwa. Ndinda anasema ni wimbo wenyewe unamkataa. Alisema kwa mzaha lakini niliona ameumia. Anajua wimbo ni wako, Kalu. Namwambia kila siku.

Sasa sikiza habari kubwa. Tumepewa nafasi Malili! Jumamosi ya Pasaka, mchana, mbele ya vijana wa kanisa kutoka Makueni yote na Kitui yote. Mwalimu wa kwaya anasema watakaoimba vizuri watachaguliwa kuongoza kwaya kubwa ya vijana mwaka huu. Kalu, unajua nimeitaka nafasi hiyo tangu kidato cha pili.

Njoo. Nimeongea na mwalimu, amekubali. Njoo tuimbe watatu. Ukifika hapa Ijumaa utalala kwetu, tutaondoka pamoja alfajiri. Tafadhali.

Mutanu


Ikutha, 26 Machi 2025

Mpendwa Mutanu,

Pole kwa simu. Nadhani Ben amesema kweli, ni mtandao. Hata huku Ikutha siku hizi unakatika sana, hasa jioni.

Nashukuru kwa mwaliko. Sitaweza kuja. Mama Khalid ana kazi nyingi mwezi huo na hatafunga saiba siku ya Pasaka. Pia nimefikiria, wimbo ule una sauti mbili. Niliutunga hivyo. Wa tatu atakuwa amesimama tu akifungua mdomo, na watu watauliza yule ni wa nini. Afadhali muwe wawili. Mmefanya mazoezi mengi.

Nawatakia mema.

Kalunde


Kambu, 16 Aprili 2025

Kalu,

Barua yako ilikuwa baridi. Nimeisoma mara mbili, nikaiacha mpaka leo. Kuna kitu nilitaka kukuambia ukifika, lakini kama huji, basi.

Jumamosi ni zamu yetu, mara tu baada ya chakula cha mchana. Mtu wa studio alituahidi biti kwenye flashi lakini flashi ina virusi, kwa hivyo tutaunganisha simu yangu moja kwa moja kwenye spika zao, tucheze kutoka Sikiza. Omba mtandao ukubali. Omba na mimi nisitetemeke.

Hata kama umeninunia, niombee. Unajua mimi nikisimama mbele ya watu natafuta uso mmoja ninaoujua. Safari hii sitauona.

Mutanu


Ikutha, 22 Aprili 2025

Mpendwa Mutanu,

Natumai mlirudi salama kutoka Malili. Niliwafikiria Jumamosi. Mliimba vizuri? Watu walisemaje? Mmechaguliwa?

Huku hakuna jipya. Saiba ilikuwa wazi siku nzima, lakini watu walikuwa makanisani na wengine wamesafiri, kwa hivyo nilifagia na kupanga karatasi. Mtandao ulikuwa mbaya sana. Labda kwenu pia?

Nangoja habari.

Kalunde


Kambu, 27 Aprili 2025

Kalunde,

Nitakuambia habari, kwa sababu umeuliza.

Uwanja ulikuwa umejaa. Hema lilikuwa na watu mpaka nje kwenye jua. Simu yangu iliwekwa kwenye kiti kando yangu, imeunganishwa kwenye spika. Biti ikaanza. Nikaimba ubeti wa kwanza, na nakwambia, niliuimba. Wamama wa mbele walianza kupunga leso. Tukaingia kiitikio. Halafu spika zikanyamaza.

Nikainama kuichukua simu niicheze tena. Kioo kilikuwa kimewaka. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za kijani: "Sasa inasikizwa kwenye kompyuta MAMA-KHALID-2."

Nilisoma maneno hayo nikiwa nimeshika maikrofoni mbele ya watu wote wale.

Kalunde, mimi naweza kuimba bila biti. Tumeimba bila biti miaka minne, bafuni, kwenye foleni ya chakula, kila mahali. Sikunyamaza kwa sababu muziki ulikatika. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ni nani ameukata. Niliganda kama mti. Ndinda ndiye aliyeendelea. Aliimba sauti ya pili peke yake, bila mimi juu, akipiga mguu chini, mpaka watu wakaanza kumpigia makofi ya mwendo. Alimaliza wimbo wako peke yake. Walisimama kumshangilia. Walimchagua yeye.

Nilikuwa karibu kudhani ni bahati mbaya, kwamba labda ulikuwa unausikiliza kwa kunikumbuka. Nilitaka iwe hivyo. Halafu ukaniandikia kuhusu mtandao.

Ben aliifungua simu yangu kutafuta pepo. Pepo lilikuwa Ikutha, limeketi kwenye kiti cha saiba.

Unajua nilitaka kukuambia nini ungekuja? Ndinda alikuwa amekubali kukaa chini. Nilimwomba. Nilimwambia Kalu ana haya, nikimwambia aje achukue nafasi ya mtu hatakuja, kwa hivyo tumwambie watatu, akifika jukwaani wewe utabaki kwenye kiti. Akasema sawa, wimbo ni wa Kalu. Alisema hivyo bila hata kukunja uso. Mtu ambaye hajawahi kukuona.

Sijamwambia mtu yeyote nilichokisoma kwenye kioo. Si kwa ajili yako. Naona aibu kusema kwamba ni wewe.

Nimebadilisha neno la siri.

Mutanu


Ikutha, 28 Aprili 2025

Mutanu,

Ni kweli. Nilikuwa nimeapa kwamba nitaangalia tu. Niliona mstari ule wa chini ukiwaka, "Hata Kiangazi, biti," nikajua mmesimama jukwaani. Nilikuwa nafuata kimoyomoyo mahali mlipofika. Kilipokuja kiitikio nikawaza, sasa anaingia yule, na mkono wangu ukabonyeza. Sikusikia hata wimbo wenyewe ulipoanza kucheza kwangu. Iafoni zilikuwa mezani.

Hata zile jioni za mazoezi zilikuwa mimi. Kaka alikuwa ameniambia kinachotokea. Nilijua.

Sikuwa na wivu kwa sababu umerekodi. Nilikuwa na wivu kwa sababu ulimfundisha mchana mmoja na akaweza. Nilidhani mahali pangu panachukua miaka.

Leo nimefungua ile simu ya ndani ya kompyuta, inaniomba niingie upya. Mama Khalid aliniuliza mbona naitazama bila kuigusa. Nikamwambia nataka kuiondoa. Akasema, "Iondoe basi, kompyuta ipumue." Nimeiondoa.

Sijui niandike nini tena ambacho utakiamini.

Kalunde


Kambu, 8 Mei 2025

Kwa Kalunde,

Habari yako? Mimi naitwa Ndinda. Hatujuani lakini naona kama nakujua, kwa sababu Mutanu akiongea kwa muda mrefu lazima jina lako liingie. Anwani yako amenipa yeye. Nilimwomba aandike nami akakataa, akasema niandike mwenyewe kama nataka. Naona mmekosana. Sijaulizia. Shangazi yangu anasema nina mdomo mrefu lakini pua fupi, siiingizi kwenye mambo ya watu.

Kwanza, pole kwamba niliimba wimbo wako bila kukuomba. Ni wimbo mzuri sana. Bibi yangu akiusikia anasema aliyeutunga ameshawahi kulala bila maji.

Pili, nina shida. Umesikia yaliyotokea Malili, mtandao ulikatika na Mutanu akaogopa. Walinichagua mimi, lakini Kalunde, mimi si wa kuongoza. Mimi ni wa kufuata. Nimemwambia mwalimu wa kwaya nataka Mutanu arudi mbele, naye amesema sawa, aimbe Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, akiweza nafasi ni yake. Lakini hawezi. Anaanza vizuri, halafu akikaribia "haukauki" ananyamaza na kukaa chini. Kila siku ni hapohapo. Nimejaribu kuimba kwa nguvu zaidi, nimejaribu kupunguza, wapi. Juzi alikasirika akasema, "Kalunde alikuwa anafanya kitu hapo," halafu akatoka nje.

Ni kitu gani ulikuwa unafanya? Nieleze kama unavyomweleza mtu mjinga. Nitafuata.

Wako,
Ndinda


Ikutha, 10 Mei 2025

Ndinda,

Nilianza na "Mpendwa" nikaifuta. Sikutaka barua yangu ya kwanza kwako ianze na neno ambalo silimaanishi. Nimekuwa nikikuchukia tangu Februari. Nilikuchukia kwa sauti yako, nikakuchukia zaidi nilipoambiwa unachekesha. Leo umeniandikia vizuri, na hata hilo limeniuma kidogo.

Mtandao wa Malili haukukatika. Ni mimi niliyewakatia muziki, kutoka hapa, kwa akaunti ya Mutanu niliyopewa kwa wema. Zile jioni mlizodhani simu imelogwa, ni mimi pia. Mutanu alijua siku ileile ya Malili, aliliona jina la kompyuta kwenye simu. Hakuogopa watu. Aliona nilichomfanyia. Amekuficha jambo hilo ili usinidharau, au ili asione aibu, sijui. Mimi sitaki ufichwe. Ukishamaliza kusoma unaweza kumpa mwalimu wa kwaya barua hii aisome, ajue Mutanu hakushindwa.

Sasa umeniuliza swali, nalijibu.

Mutanu huishiwa na pumzi kabla ya "haukauki." Ni tangu zamani. Ubeti ni mrefu, niliutunga nikiwa sijui kupima pumzi ya mtu, na yeye hakuniambia niufupishe kwa sababu aliupenda. Hatakuambia hata wewe. Hajawahi kuniambia hata mimi, nilijua kwa kusimama karibu naye. Bega lake la kushoto linapanda kidogo. Ukiliona limepanda, usimngoje. Usipaze sauti pia, ukipaza anahisi umemsukuma. Ingia wewe kwanza kwenye "hau," chini kabisa, polepole, uishike. Ataivuta pumzi yake ndani ya sauti yako bila mtu kujua, halafu atakuja juu mwenyewe. Akishakuja, shuka umwachie.

Watu watadhani wimbo ulitungwa hivyo.

Mfanye mazoezi bila biti kwanza. Na ubadilishe mahali unaposimama. Kwenye wimbo uliorekodiwa nilisikia kama uko kulia kwake. Kutoka kulia huwezi kuliona bega. Simama kushoto, karibu, mpaka mkono wako uguse wake.

Ndipo nilipokuwa nikisimama.

Kalunde